Toleo la Kwanza, Ngozi ya Mbuzi

Mnunuzi hakuuliza kama hadithi ni nzuri. Aliuliza maswali matatu tu: ukurasa wa hakimiliki unasema nini, jalada la asili lipo, na je, kuna mtu ameandika ndani? Nikamjibu kwa mpangilio huohuo. Unasema 1970. Halipo. Ndiyo, wengi.

Kitabu chenyewe ni From a Crooked Rib, riwaya ya kwanza ya Nuruddin Farah, namba 80 katika mfululizo wa African Writers Series wa Heinemann. Nakala ni ya awowe, babu yangu mzaa mama, na ilishafika Garissa kabla mama hajazaliwa. Jalada lake la karatasi lilikufa zamani. Sasa kimevishwa ngozi ya mbuzi, kahawia iliyoelekea weusi, imeshonwa kwa uzi wa nailoni, ule wa kushonea ndara. Mbele hakuna jina la kitabu wala la mwandishi. Ukikiona mezani utadhani ni pochi ya mtu. Nilimtumia mnunuzi picha sita, na bei aliyokuwa ametaja mwanzoni ikashuka hadi pesa ambazo hazingenilipia hata basi la kwenda Nairobi na kurudi.

Sikukasirika, nisidanganye. Nilijua atashusha. Ningekuwa mimi ningeshusha pia, kwa sababu sheria za mchezo huu ninazijua na nimekula kwazo.

Niliingia kwa njaa. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo imekwama, niko Nairobi na laptop ya kuazima, nikiandika makala za watu kwa malipo ya kila neno. Siku moja kwenye vitabu vya inama pale Tom Mboya Street nikamwona jamaa akichambua rundo la Heinemann kuukuu. Hasomi. Anafungua ile kurasa ya nyuma ya jina, anatupa jicho, anafunga, anaweka kando. Alinunua viwili kwa mia tatu, na nilipomuuliza anatafuta nini, akanionyesha bila choyo. Tarehe. Namba. Je, imeandikwa kuwa kilichapishwa mara ya kwanza mwaka fulani na hakuna mwaka mwingine chini yake? Basi hiyo ni chapa ya kwanza. Kukiwa na miaka mingine imefuatana chini, rudisha kwa rundo.

Baadaye nikajifunza mengine. Kwamba African Writers Series ulianza 1962 huko London, Chinua Achebe akiwa mhariri mshauri, na namba moja ikawa Things Fall Apart. Lakini nakala hiyo namba moja siyo toleo la kwanza. La kwanza lilitoka 1958, kwa William Heinemann, jalada gumu, nakala 2,000. Maneno ni yaleyale, ila kitabu kimezaliwa mara mbili: kwanza kwa msomaji wa Uingereza mwenye pesa ya jalada gumu na karatasi yake ya kukifunika, kisha, miaka minne mbele, kwa mwanafunzi wa Enugu ama Machakos mwenye pesa ya jalada laini. Wakusanyaji wanavitaka vyote viwili. Wapo wanaotafuta riwaya moja kwa kila jalada iliyowahi kuvaa: gumu, laini, la rangi ya chungwa, la picha, hata lile ambalo kiwanda kilikosea rangi.

Nikajifunza pia kwamba Ngũgĩ wa mwanzo anaitwa James. Weep Not, Child ya 1964, The River Between ya 1965, A Grain of Wheat ya 1967, zote zilitoka kwa jina la James Ngugi. Ukiona James kwenye rundo la inama, unanunua kwanza halafu ndio unafikiria nauli. Hiyo ilinilisha miezi kadhaa.

Watu wangu wa fasihi huwa wanacheka hapa. Ati ni ugonjwa wa wazungu matajiri, kulipia karatasi badala ya hadithi. Niliwahi kucheka pia, mpaka siku niliyokaa na A Grain of Wheat mbili kwenye meza moja. Mimi nilikuwa nimesoma ile inayouzwa siku hizi. Nilipopata ya zamani nikaifungua ovyo tu, nikaangukia kwa Dr Lynd, yule mzungu wa kituo cha utafiti, anasimulia kilichompata wakati wa vita. Katika toleo la 1967 mtumishi wake anakuja na wenzake, wanamuua mbwa wake, na wanambaka. Katika toleo ambalo Ngũgĩ alilirekebisha miaka ya 1980, mbwa anakufa, ubakaji haumo. Pia chama kimebadilishwa jina, kile alichokiita Party sasa ni Movement.

Najua sababu. Mkoloni alikuwa ameshajaza dunia hadithi za Mau Mau kama hayawani, na Ngũgĩ wa miaka ya 1980 hakutaka kumpa risasi nyingine. Siasa yake naielewa. Lakini kama msomaji naona riwaya ilipoteza kitu. Kitabu kizima kimejengwa juu ya watu wenye jambo la kuficha: Mugo ndiye aliyemsaliti Kihika, na kijiji kizima kinamsukuma akawe shujaa wa kutoa hotuba siku ya uhuru. Katika dunia hiyo, kumsafisha Koina peke yake ni upendeleo. Toleo la kwanza linanilazimisha nimuunge mkono mtu ambaye huenda alifanya jambo lisilosameheka, nikae na hilo. La pili linanipunguzia mzigo ambao sikuomba kupunguziwa. Na kama wote wangetupa ya zamani kwa sababu mpya ipo, nisingejua hata kwamba kuna mzigo ulishushwa. Kwa hiyo simcheki mtu anayetafuta 1967. Bila yeye na wenzake, mwandishi angeweza kurudi nyuma kubadilisha alichosema na sisi tusishtuke.

Hayo ni maneno ya ndani. Tatizo langu na wakusanyaji linaanzia nje, kwenye ngozi.

Neno jalada tumelipata kwa Waarabu, na kwao mzizi wake, jild, ni ngozi. Kujalidi kitabu ni kukivisha ngozi, na eneo hili linajua kazi hiyo kitambo. Ukishuka kutoka Ijara kuelekea Lamu unafika kisiwa cha Pate, ambako Siyu ilisifika karne ya 19 kwa mafundi wa ngozi na kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono. Huku Garissa hakuna Siyu. Kuna fundi viatu. Ndiye anayeshona mikanda ya saa, ndiye anayeshona misahafu ya madrasa ikifumuka, na miaka ya sabini ndiye aliyeletewa Nuruddin Farah.

Vitabu vile vya Heinemann havikushonwa. Kurasa zilikatwa mgongoni na kupakwa gundi, basi. London pengine inatosha. Garissa, mahali ambapo ukiacha peremende mfukoni jioni unaivaa, gundi inakauka, inapasuka, na kitabu kinaanza kumwaga kurasa kama mti. Awowe alikuwa karani wa idara ya mifugo, anasafiri Garissa hadi Wajir na kurudi, na kitabu kilikuwa kikisafiri naye kwenye lori, chini ya kiti. Mwaka 1973 tu kilikuwa kimeshaachana na mgongo wake. Akakipeleka sokoni. Fundi akatoboa matundu kando ya kurasa zote kwa msumari, akapitisha uzi, akavisha ngozi. Alishona vizuri kupita kiasi: sentimita nzima ya ukingo imemezwa na uzi, kwa hiyo ukisoma lazima ukifungue kwa nguvu, vidole vinachoka. Na karatasi mbili za mwanzo, ile ya jina na ile ya hakimiliki, hazikushikwa na uzi hata kidogo. Zimekuwa zikiwekwa ndani kama barua. Ndiyo maana iliponibidi kupiga picha ya 1970 kwa mnunuzi, niliitoa tu, nikailaza juani, nikapiga.

Sasa riwaya yenyewe. Ebla ni msichana wa kuhamahama, yatima, analelewa na babu yake, na babu anamwoza kwa mzee Giumaleh kwa malipo ya ngamia. Anatoroka. Anafika mjini Belet Wene kwa binamu yake Gheddi, na baada ya muda Gheddi naye anampatana kwa dalali kwa sababu mambo yake ya pesa yameharibika. Anatoroka tena, safari hii na Awill, kwenda Mogadishu. Awill anaenda Italia kusoma, picha yake na mwanamke wa Kizungu inamfikia Ebla, na Ebla anaolewa kwa siri na mwanamume mwingine, Tiffo. Hapo ndipo msomaji wa leo anayetafuta shujaa wa kupigia makofi anapochanganyikiwa. Mimi napenda kwamba anachanganyikiwa.

Sitasema ni riwaya kamili. Farah aliiandika akiwa mwanafunzi Chandigarh, India, kijana wa miaka ishirini na kitu, na Kiingereza chake kinatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Sentensi fupi, ngumu, zinaeleza kilichoelezwa tayari. Kuna kurasa ambapo Ebla anaacha kuwa Ebla na kuanza kutoa mhadhara kuhusu wanawake na wanaume, na unamsikia kijana wa chuo akiongea nyuma ya pazia. Lakini kuna kitu amekishika ambacho waandishi wakubwa zaidi yake wamekikosa. Ebla anajua bei yake. Haikatai hesabu kwa sababu ni chafu. Anaikataa kwa sababu wanaohesabu ni wengine. Kwa Giumaleh yeye ni ngamia. Kwa Gheddi ni deni. Na kila mmoja wao anapompima anampimia jambo lilelile: ameguswa ama hajaguswa.

Rudi sasa kwa maswali ya mnunuzi wangu. Jalada la asili lipo? Kuna mtu ameandika ndani? Kwenye orodha za wauza vitabu vya kale, sifa ya juu kabisa ni ya kitabu ambacho hakikusomwa. Safi, kimebana, kurasa hazijafunguliwa, hakina jina la mtu. Doa linapunguza. Mkono wa mtu unapunguza zaidi. Nilisoma orodha hizo miaka miwili nikaona ni lugha ya biashara tu, kama nyingine. Nilipoisoma juu ya kitabu hiki, chenye Ebla ndani, nilishindwa kuendelea kwa muda. Yaani riwaya inayomhusu msichana anayekimbia watu wanaompangia bei kwa kuangalia kama bado ni mzima, nayo inapangiwa bei kwa kuangaliwa hivyohivyo. Sidhani mnunuzi aliwahi kuliona hilo. Sidhani alikisoma.

Na nakala ya awowe imeguswa kweli. Kurasa tupu za mwisho zina majina kumi na saba, kila moja na tarehe, kwa kalamu tofauti. La kwanza ni la 1973, la mwisho kabla yangu ni la 2009. Majina matano ni ya wanawake. Pembeni mwa kurasa kuna mabishano. Mtu mmoja wa mwanzo ameandika Kisomali kwa herufi za Kiarabu, kwa penseli. Wa baadaye wanaandika kwa herufi za Kilatini, zile Somalia ilizozipitisha 1972 na zikavuka mpaka hadi kwetu. Ebla anapoamua kuondoka usiku, mtu ameandika waa been, yaani uongo, haiwezekani. Chini yake, kwa mkono mwingine na wino wa bluu uliokandamizwa mpaka karatasi ikatoboka, kuna neno moja: orod. Kimbia.

Nimesoma uhakiki mwingi kuhusu riwaya hii, kuhusu Farah na wanawake, Farah na taifa, na mwingine ni mzuri. Hakuna uliowahi kunifunza kitu kama hilo neno. Linathibitisha kwamba mtu fulani wa Kaskazini Mashariki, katika miaka ambayo serikali ilitutawala kwa sheria za hali ya hatari, aliketi na Ebla na akaongea naye moja kwa moja. Hakumchambua. Alimpigia kelele akimbie. Nakala safi iliyo Chicago ama London haiwezi kunipa hilo, hata ikiwa na jalada lake la chungwa linalong'aa kama siku ya kwanza.

Kuna sababu nyingine ya kitabu hiki kuwepo, na hiyo awowe husimulia kwa sentensi mbili kisha anaomba chai. Mwaka 1980 alikuwa anaishi Bulla Kartasi. Mnamo Novemba, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliuchoma mtaa ule na kuwakusanya watu kwenye uwanja wa shule. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imeyaandika. Wengine hawakurudi. Awowe alirudi, nyumba haikuwepo. Alikuwa na sanduku la bati la vitabu: Achebe, Ngũgĩ, kamusi, Kurwa na Doto, vya Shaaban Robert viwili. Sanduku lilibaki, anasema, na ndani mlikuwa na majivu yaliyopangika kurasa kwa kurasa. Crooked Rib haikuwemo kwa sababu ilikuwa Modogashe, kwa muuguzi aliyeiazima na akakataa kuirudisha kwa miezi minane. Awowe alikuwa ameshamtumia maneno makali. Jina la muuguzi ni la nne kwenye orodha, na upande wa tarehe ya kurudisha pana mstari tu.

Nikisoma The Camel Bookmobile huwa namfikiria muuguzi huyo. Ni riwaya ya Mmarekani Masha Hamilton, ilitoka 2007 kwa HarperCollins, jalada gumu, na imewekwa huku kwetu. Msingi wake ni kitu cha kweli: mwaka 1996 Huduma za Maktaba za Taifa zilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa, masanduku, hema na mikeka, mpaka kwa jamii ambazo gari la maktaba halifiki. Hamilton anamleta Fiona Sweeney, mkutubi kutoka New York, na anaweka sheria: kitabu kisiporudishwa, ngamia hawaji tena. Kijana Taban, aliyeraruliwa na fisi utotoni, harudishi. Riwaya nzima inaning'inia hapo.

Si kitabu kibaya. Mwalimu Matani ni mtu, si mapambo, na Hamilton anajua kwamba kuna wazee wenye hoja ya haki dhidi ya masanduku yale. Lakini kwake vitabu vinafika kutoka nje, na mvutano wote ni kama kijiji kiko tayari kuvipokea. Kwamba kulikuwa na kitabu huku tayari, kimeshonwa kwa uzi wa ndara, kimezunguka kutoka mkono hadi mkono miaka ishirini na tatu kabla ya ngamia wa kwanza, hilo halina nafasi katika hadithi yake. Na kutorudisha kitabu, kosa lililo katikati ya riwaya yake, kwetu ndiko kulikookoa kimoja. Toleo la kwanza la Hamilton unalipata mtandaoni kwa urahisi, safi, na karatasi yake ya kufunikia. Ninalo. Nililinunua kwa kazi hii na sijui nitamuuzia nani.

Ningependa kusema zaidi kuhusu vile ambavyo hakuna anayeviulizia kabisa. Miaka mitatu ya kuuza, sijaulizwa mara moja kuhusu Kusadikika ya 1951, ya Nelson, wala Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, wala Rosa Mistika ya 1971 kama ilivyotoka East African Literature Bureau kabla haijagombaniwa. Riwaya za Kiswahili za mwanzo ziko inama kwa shilingi hamsini, zimeandikwa majina ya shule, zimevishwa gazeti, zimevishwa karatasi ya khaki, kalenda ya benki, nailoni ya sukari. Hayo yote ni majalada. Kila aliyesoma shule ya Kenya anajua kukunja pembe ya karatasi ya khaki ishike. Na Aqoondarro waa u nacab jacayl ya Faarax Cawl, riwaya ya kwanza iliyochapishwa kwa Kisomali, Mogadishu 1974, miaka miwili tu baada ya herufi, inayohusu barua ya mapenzi inayomfikia mtu asiyejua kusoma: hiyo nimeiona mara moja maishani, kwa mzee mmoja wa Eastleigh, imefungwa kwa kitambaa cha shuka. Hakuniruhusu niishike. Soko likipuuza kitu hakitunzwi, na kisipotunzwa tunabaki na toleo la pili pekee, na hatutajua nini kilishushwa njiani. Hapo mkusanyaji ana kazi ya kufanya, na haendi kuifanya.

Nilipomweleza awowe ile bei ya kwanza, kabla ya picha, alinyamaza kidogo. Pesa zile zingelipa muhula mmoja niliokwama. Yeye hunita awowe pia, ndivyo tunavyoitana, mkubwa humpa mdogo jina lake mwenyewe.

"Awowe, huyo mtu anataka kusoma?"

"Hapana. Anataka kuweka."

"Ana watu wa kuazima?"

"Sidhani."

Akasema tuone. Nikamweleza bei ya pili, akacheka mpaka akakohoa, akaniambia nimrudie mzungu nimuulize kama ngozi ya mbuzi huko kwao ni ya bure. Sikumuuliza. Ila wiki iliyofuata mnunuzi mwenyewe aliandika tena. Amefikiria. Angekubali kunilipa kiasi kidogo zaidi kama ningetuma zile karatasi mbili za mwanzo kwanza, azihakiki kwa macho yake, kisha tuongee kuhusu kilichobaki.

Nilienda kwa awowe Jumamosi kuchukua kitabu, nikakuta hakipo. Binti wa jirani, anayefundisha shule moja ya kambi za Dadaab, alikuwa amekuja kumsalimu na ameondoka nacho asubuhi kwa basi. Jina lake ni la kumi na tisa, chini ya langu. Awowe alimlazimisha aandike tarehe. Lakini kabla hajampa alitoa zile karatasi mbili, kwa sababu upepo wa njiani ungezipeperusha, akanitunzia. Ziko kwangu, ndani ya bahasha: jina la kitabu, jina la Farah, 1970. Mnunuzi bado anasubiri jibu.